Kamba, Boriti na Karatasi: Miti na Nyuzi katika Historia ya Waswahili na Lugha Yao



1. Utangulizi

Wahenga wetu walisema: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Methali hii hufundishwa shuleni kwa maana yake ya ndani, kwamba mtu mzima, hata akidhoofika, ana thamani ambayo kijana hajaifikia. Ni nadra mwalimu kusita kwenye maana ya nje na kuwauliza wanafunzi wake: ni kamba gani hiyo, ni ukambaa gani, na kwa nini kitu kikuukuu kikishinde kipya?

Swali hilo ndilo msingi wa mhadhara huu. Kamba inayozungumzwa na watu wa mwambao ni aghalabu ile ya makumbi ya nazi. Ukambaa ni ugwe uliosukwa kwa majani ya mkindu au mkoma. Aliyetunga methali hii alikuwa amekwisha kuvipima vitu hivyo viwili kwa mikono yake, juani na majini, na akatoa hukumu. Maabara za karne mbili zilizopita zimeifikia hukumu hiyohiyo kwa njia nyingine.

Nia yangu ni kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba historia ya Waswahili haielezeki vyema bila kuzingatia sifa za miti na nyuzi walizozitumia. Pili, kwamba Kiswahili kimehifadhi maarifa ya sifa hizo katika msamiati wake na hata katika sarufi yake. Tatu, kwamba maarifa hayo, pamoja na sehemu kubwa ya maandishi yetu ya karne ya 20, yamo hatarini, na wanaowajibika kuyaokoa ni sisi wana wa lugha.

2. Kinachousimamisha mti

Mnamo mwaka 1813 mwanabotania wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle, alitumia jina lignini kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbao. Mwaka 1838 mkemia Mfaransa, Anselme Payen, alionyesha kwamba mbao si kitu kimoja. Alipozichakata kwa asidi na magadi, alibaki na nyuzi nyeupe ambazo ziliitwa selulosi, na akatambua kwamba kuna kitu kingine kilichokuwa kimezifunika na kuzishikamanisha nyuzi hizo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali ili kuelewa jambo hili. Na atazame ukuta wa nyumba ya udongo. Zile fito zinazosimama na kulala ni selulosi: ndizo zinazostahimili mvuto. Udongo uliokandikwa kati yake ni lignini: ndio unaozuia fito zisipinde na usiruhusu maji kupenya ovyo. Kamba zinazozifunga fito tunaweza kuzilinganisha na hemiselulosi, kiungo cha tatu, kinachozishikamanisha zile mbili. Ukuta wa fito tupu hulegea, na ukuta wa udongo mtupu hupasuka. Mti umesimama kwa sababu umeviunganisha vyote.

Uwiano wa viungo hivi hutofautiana, na humo ndimo ilimo historia yetu. Pamba ni takriban selulosi tupu, zaidi ya asilimia 90. Uzi wa mkonge una lignini kiasi cha asilimia 10 hivi. Mbao za kawaida zina kati ya asilimia 20 na 30. Uzi wa kumbi la nazi unakaribia asilimia 40, kiwango ambacho ni nadra kukikuta katika nyuzi nyingine zinazotumiwa na binadamu. Viumbe vinavyoweza kuivunjavunja lignini ni vichache, hasa baadhi ya kuvu. Kwa sababu hiyo, uzi wa kumbi huoza polepole mno hata ukiloweshwa katika maji ya chumvi kila siku. Hapo ndipo ukuukuu wa kamba unapoushinda upya wa ukambaa.

3. Kamba iliyoshona vyombo

Kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1 BK, kinaitaja bandari ya Rhapta katika mwambao wetu, na kinaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubayr alivikuta vyombo vya namna hiyo katika Bahari ya Shamu, akaeleza jinsi makumbi ya nazi yalivyopondwa mpaka yakawa nyuzi, na nyuzi zikasokotwa kuwa kamba za kushonea mbao. Wareno waliofika mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama waliviona vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Chombo kilichodumu zaidi katika jadi hiyo ni mtepe, uliohusishwa hasa na visiwa vya Lamu na Wabajuni. Mbao zake zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi na kushikizwa kwa vijiti vya mbao. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo kizima, tangu mkuku hadi ncha ya mlingoti, kiliweza kuundwa bila msumari. Mtepe haukuwa dalili ya uhaba wa maarifa. Uzi wa kumbi hunyumbuka sana kabla ya kukatika, na chombo kilichoshonwa kwa uzi huo hulegea kidogo kinapogonga fungu au kinapovutwa ufukoni, ambapo chombo kigumu kingeweza kupasuka. Pamoja na hayo, kamba hizo zilihitaji kubadilishwa kila baada ya muda, na maji yaliyoingia katika matundu yalihitaji kuchotwa mfululizo. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 jahazi za misumari zilikuwa zimekwisha kuushinda mtepe, nao ukabaki katika mifano ya makumbusho.

Kazi ya makumbi yenyewe iliendelea, na aghalabu mabingwa wake ni wanawake. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja makumbi hufukiwa ufukoni kwa miezi kadhaa, mahali ambapo maji huja na kutoka. Bakteria hula gundi laini inayoziunganisha nyuzi, lakini lignini iliyomo ndani ya kila uzi husalimika. Kisha makumbi hufukuliwa, hupigwa kwa rungu, huoshwa na kuwa usumba, na usumba husokotwa kuwa kamba. Hii ni kemia ya kuchagua: kuondoa kinacholegea na kukiacha kinachodumu. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wanawake wengi wameigeukia kazi hiyo yenye malipo ya haraka zaidi. Nani atawalaumu? Hata hivyo, kila mkono unaoacha kusokota unaondoka na maneno yake.

4. Boriti na upana wa chumba

Kutoka kwenye uzi tuje kwenye mti. Watu wa mwambao hawasemi mikoko tu na kunyamaza. Wanaujua mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana na mkomafi, na kila mmoja una kazi yake. Miti ikishakatwa, hupewa majina mengine kwa kadiri ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani miti 20 kwa hesabu moja. Majina haya ni mfumo wa vipimo uliokamilika, uliomwezesha mkata miti wa Rufiji na mnunuzi wa ng'ambo kuelewana bila futi wala mizani.

Biashara hiyo ni ya kale. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba majumba ya Siraf, katika Ghuba ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji. Huko kwetu, machimbo ya kiakiolojia ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yameonyesha msikiti uliojengwa upya mara nyingi mahali pamoja, ukianzia majengo ya miti ya mwishoni mwa karne ya 8 hadi jengo la mawe. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliisifu misikiti ya mbao ya mji huo kwa uimara wa ujenzi wake. Ustaarabu ambao tumezoea kuutambua kwa magofu ya mawe ulianza kwa miti, na kwa watu wengi wa mwambao uliendelea kuwa wa fito, udongo na makuti.

Hata jiwe lilipokuja, mti haukuondoka. Dari za nyumba za mawe za Lamu, kama zile za miji ya kale zaidi, zilikuwa nzito kwa matumbawe na chokaa, na uzito huo ulibebwa na boriti. Boriti ya mkoko ni ngumu, nzito, na ina tanini nyingi zinazosaidia kuwazuia wadudu. Lakini urefu unaoweza kubeba mzigo huo bila kupinda ni mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka uani kuelekea ndani zaidi. Tunapoandika kuhusu faragha na heshima katika nyumba ya Mswahili, tusisahau kwamba utamaduni ulijipanga ndani ya kipimo ambacho mti ulikuwa umekwisha kukitoa.

Kipimo hicho kilisafiri. Katika miji ya Ghuba vyumba vilijengwa kwa upana wa aina hiyohiyo, kwa kuwa vilisubiri miti hiyohiyo, ambayo huko iliitwa chandali. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, na akaeleza jinsi mabaharia walivyoingia katika delta ya Rufiji kutafuta shehena ya miti. Baada ya Vita Kuu ya Pili fedha za mafuta zilileta saruji na chuma katika Ghuba, na haja ya boriti ikapungua. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti ya mikoko nje ya nchi, kwa ajili ya kuilinda misitu iliyokuwa ikipungua. Mkono wa biashara ya zaidi ya miaka 1,000 ukakunjwa, na wakataji wa Lamu wakabaki na soko la ndani.

5. Mkonge: jina la kale, mmea mgeni

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vipando 1,000 vya mkonge wa Meksiko kupitia Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62, navyo vikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hivyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mnamo mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000.

Jambo la kuvutia kwa mwanaisimu ni kwamba mmea huu mgeni haukupewa jina geni. Majina mkonge na katani hutumika pia kwa mimea ya asili yenye majani marefu ya nyuzi, ile ambayo wanabotania waliiita Sansevieria, na ambayo watu wa nchi hizi waliitumia kwa kamba na nyugwe. Inaelekea wasemaji waliutazama mgeni, wakauona uzi wake, wakamtia katika ukoo wanaoujua. Kwa mantiki hiyo, jina halikufuata umbo la mmea pekee bali matumizi yake.

Lakini mashamba yalizaa pia maneno ya uchungu. Wafanyakazi wa mkataba waliotolewa Songea, Kigoma, Rungwe, Rwanda, Burundi na Msumbiji waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alikuwa nambari kabla ya kuwa jina. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku isiyotimizwa haikuandikwa. Majani yalipelekwa korona, mashine ya kuyasaga, na kilichotoka kikaitwa singa. Watu wa lugha nyingi walikutana mbele ya mashine moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kuomba maji, ya kugombea kipande na ya kuzikana. Historia ya kuenea kwa Kiswahili bara haitakamilika ikiwa itataja shule, dini na utawala, na kuliacha shamba la mkonge.

Baada ya mwaka 1964 uzi wa plastiki uliingia katika soko la kamba za kufungia nyasi na nafaka. Mashamba mengi yalitaifishwa kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, bei ikaporomoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kiasi cha tani 20,000 tu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba uzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki kilitupwa kwa miongo mingi, mpaka katika miaka ya 2000 mtambo wa Hale, mkoani Tanga, ulipoanza kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi.

6. Sarufi inavyopanga vitu hivi

Naomba sasa tuyatazame maneno tuliyokwisha kuyakusanya: ufito, upau, ubao, uzi, ugwe, ukuti, ukindu, ukili, ukambaa. Yote yanaanza kwa u-, na mengi huunda wingi katika ngeli ya N: fito, pau, mbao, nyuzi, kuti, kindu. Ni jambo linalojulikana kwamba ngeli hii hukusanya vitu virefu na vyembamba. Lisilosisitizwa vya kutosha ni uhusiano wake na ngeli ya mimea. Mkindu ni mmea, ukindu ni kile kinachopatikana humo kwa ajili ya kazi. Mkonge ni mmea, ukonge ni uzi wake. Kwa kubadili kiambishi kimoja, msemaji ameuvusha mti kutoka msituni hadi mikononi mwa fundi.

Hii ndiyo sababu siridhiki na dai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuizungumzia sayansi ya vitu. Maneno selulosi na lignini tumeyakopa, na hakuna aibu katika kukopa. Kifaransa na Kiingereza nazo ziliyachota katika Kilatini. Kilicho cha aibu ni kukopa jina la kile tunachokijua huku tukiliacha jina lake likifa. Kamusi inayoeleza kwamba usumba ni nyuzi za kumbi, bila kueleza ufukiaji na upigaji, imelihifadhi neno na kulipoteza jambo.

7. Karatasi: mti unapogeuka adui

Miswada ya tendi zetu za kale, iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ilinakiliwa juu ya karatasi iliyoletwa na wafanyabiashara, na nyingi katika hizo zilitengenezwa Ulaya kwa matambara ya kitani na pamba. Karatasi hiyo karibu haina lignini. Unyevu, mchwa na moto vimeangamiza mengi, lakini kilichoepushwa navyo kingali kinasomeka. Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na mwaka 1728, umetufikia. Mkusanyo wa miswada uliowekwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutokana na juhudi za J. W. T. Allen una kurasa nyingi ambazo bado zinaweza kufunuliwa.

Katika mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller, huko Ujerumani, alibuni njia ya kusaga mbao kuwa rojo la karatasi. Karatasi ikawa rahisi, na gazeti likamfikia mtu wa kawaida. Lakini mbao zilizosagwa huingia katika karatasi pamoja na lignini yake yote. Kile kilichoilinda kamba chini ya maji, kikitandazwa mwangani na hewani, hubadilika rangi na kuwa manjano. Asidi zinazozalika humo, pamoja na zile za shabu iliyotumika kuitia karatasi ugumu, hukatakata nyuzi za selulosi mpaka ukurasa unavunjika kama kuti kavu. Mnamo mwaka 1879 Carl Dahl alibuni mchakato wa kuiyeyusha lignini kwa kemikali na kuacha rojo imara; viwanda vya Webuye nchini Kenya na Mgololo nchini Tanzania vilijengwa juu ya msingi huo. Gazeti la kila siku, hata hivyo, lilibaki kwa kawaida kwenye karatasi duni.

Tuitafakari hali hii. Kiongozi lilianza kuchapishwa Tanga mwaka 1904. Mambo Leo mwaka 1923. Ngurumo mwaka 1959. Humo ndimo ilimokuzwa nathari mpya ya Kiswahili, ndimo washairi walimojibizana, na ndimo msamiati wa siasa ulimojaribiwa kabla ya kuingia kamusini. Shaaban Robert mwenyewe alichapisha tungo zake katika Mambo Leo. Basi tunaweza kujikuta katika kinyume cha ajabu: kwamba mwanafunzi wa siku zijazo atausoma mswada wa karne ya 18 kwa urahisi zaidi kuliko gazeti la siku alizozaliwa babu yake.

8. Hitimisho

Kitu kile kile kimetuhifadhia na kimetuharibia. Kilishona mitepe, kikazibeba dari za Lamu, na sasa kinaunguza makabati yetu ya magazeti bila moshi. Si kitu kibaya wala kizuri. Kinachoamua ni maarifa ya anayekitumia. Mfukia makumbi alijua aondoe nini na abakishe nini, na hekima hiyo ndiyo tunayopaswa kuirithi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, magazeti ya zamani yaliyomo katika maktaba na majumba ya watu yapigwe picha kabla hayajafunuliwa tena, na nakala asilia zihifadhiwe gizani, mahali pakavu, ndani ya majalada yasiyo na asidi. Pili, wanafunzi wetu wa leksikografia wapelekwe kwa wasokotaji kamba, wakata boriti na wazee waliofanya kazi korona, wakiwa na kalamu pamoja na kamera, wakusanye neno pamoja na kitendo chake. Mradi wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji uanze wakati wenye maneno wangali hai.

Karatasi ya Ngurumo ikivunjika haisokotwi tena.